Marie Curie: mama aliyezungusha eksirei vitani

Kila tunaporusha kipindi cha afya, kuna swali moja ambalo halikosi kuingia kwa ujumbe mfupi. Mtu amekwenda hospitali ya wilaya kupigwa picha ya kifua, au ya mguu uliovunjika baada ya kuanguka na bodaboda. Mhudumu wa eksirei amemlaza vizuri, amemwambia abane pumzi na asitikisike, halafu yeye mwenyewe ametoka haraka na kwenda kusimama nyuma ya ukuta. Msikilizaji anauliza, kama mashine hii ni salama, huyu anakimbia nini? Na kama si salama, mbona mimi ameniacha pale kitandani?

Ni swali la haki kabisa, na tutalijibu kabla hatujamaliza. Lakini jibu lake limo ndani ya maisha ya mwanamke mmoja aliyefariki mwaka 1934, ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia shuleni kwenye somo la sayansi na kulisahau mtihani ulipopita. Ni Marie Curie. Hutamkwa Mari Kyuri.

Vitabu vingi humtaja kwa madini aliyoyagundua na tuzo alizopata. Hayo tutayapitia. Sisi tunaona kazi yake kubwa kwa mgonjwa wa kawaida ilikuwa nyingine: ile miaka minne ya vita, akizunguka na gari kupiga picha za askari walioumia, na kuwafundisha wanawake wa kawaida kuifanya kazi hiyo.

Binti wa walimu

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 katika mji wa Warsaw, Poland, akapewa jina la Maria Skłodowska. Wakati huo Poland haikuwa nchi huru. Warsaw ilikuwa chini ya utawala wa Urusi, na watoto shuleni walilazimishwa kusoma kwa Kirusi huku lugha yao ya Kipolandi ikibanwa. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia, mama yake mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Walizaliwa watoto watano, Maria akiwa kitinda mimba.

Nyumba hiyo iliujua ugonjwa mapema. Dada mkubwa, Zofia, alikufa kwa tifasi, homa ile inayoenezwa na chawa. Mwaka 1878 mama naye akafariki kwa kifua kikuu, Maria akiwa na miaka 10 tu. Zama hizo hapakuwa na dawa ya kifua kikuu, wala hapakuwa na mashine ya kuonyesha mapafu yalivyo ndani. Daktari aligonga mgongo kwa vidole, akasikiliza kifua, akakisia.

Maria aliongoza darasani, lakini chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Akajiunga na masomo ya siri yaliyofanyika majumbani kwa kuhamahama ili polisi wasiyagundue. Yeye na dada yake Bronia wakapatana: Bronia aende Paris kusomea udaktari, Maria abaki akifanya kazi na kumtumia fedha, Bronia akimaliza, amvute mdogo wake. Makubaliano ya namna hiyo tunayajua sana katika familia zetu, na tunajua pia ni mangapi huishia njiani. Haya hayakuishia njiani. Kwa miaka kadhaa Maria aliishi kijijini katika nyumba ya familia yenye uwezo, akiwafundisha watoto wao kwa mshahara. Saa zake za mapumziko alizitumia kuwafundisha watoto wa wakulima wa pale kusoma Kipolandi, jambo ambalo serikali ya Urusi ingeweza kumwadhibu kwalo.

Hilo la watoto wa wakulima msilisahau, litarudi.

Mwaka 1891 zamu yake ikafika. Alisafiri kwa treni hadi Paris, akaandikishwa chuo kikuu cha Sorbonne, na jina lake likawa Marie, kwa Kifaransa. Alipanga chumba kidogo cha juu kabisa ghorofani, ambako baridi ya usiku ilimfanya ajirundikie nguo zote alizokuwa nazo. Mwaka 1893 alimaliza shahada ya fizikia akiwa wa kwanza. Mwaka uliofuata akamaliza ya hisabati akiwa wa pili. Julai 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwanafizikia Mfaransa, mtu mpole asiyependa makuu. Zawadi ya fedha waliyopewa harusini walinunulia baiskeli mbili, wakaenda kutembea mashambani.

Mionzi ya aina mbili

Novemba ya mwaka huo huo wa 1895, huko Ujerumani, profesa aitwaye Wilhelm Röntgen aliona jambo la ajabu akiwa maabara. Alipopitisha umeme wa nguvu kubwa kwenye bomba la kioo, ilitoka mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo ilipenya karatasi, mbao na hata nyama ya mkono. Mifupa na chuma viliizuia, na kwa hiyo vilionekana kama kivuli. Hakujua ni kitu gani, akaiita X, kama tunavyofanya darasani kwa namba isiyojulikana. Picha yake maarufu ya mwanzo ilikuwa ya mkono wa mke wake, mifupa inaonekana na pete inaelea kidoleni. Haikupita miezi mingi hospitali za Ulaya na Marekani zikawa zinaitumia.

Marie yeye alifuata njia nyingine. Mwaka 1896 Henri Becquerel alikuwa amegundua kwamba urani, madini yale yale tunayosikia habari zake kule Namtumbo, hutoa mionzi yenyewe bila kuchochewa na chochote. Marie akaamua kuchunguza hiyo. Mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza kwamba ndani ya mawe ya urani kuna vitu viwili vipya vyenye mionzi mikali zaidi: poloniamu, aliyoipa jina la nchi yake, na radiamu. Ili kuithibitisha radiamu, Marie alichemsha na kukoroga mabaki ya mawe hayo, tani kwa tani, ndani ya banda bovu lililovuja mvua, kwa chuma kizito kirefu karibu sawa na yeye. Mwaka 1902 alipata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Yaani kiasi kidogo mno.

Hapa tusimame kidogo, maana watu wengi huchanganya. Mashine ya eksirei ni kama taa ya umeme. Ukiwasha, mionzi inatoka. Ukizima, imekwisha, haibaki chumbani, haibaki kwenye shuka, haibaki mwilini mwa mgonjwa. Radiamu ni kama kaa la moto lisilozimika. Usiku na mchana inatoa mionzi, ukiwa unaihitaji au huihitaji. Marie alikuja kuishi na zote mbili.

Radiamu ilikuwa ikiwaka gizani kwa mwanga hafifu, nao wawili hao walipenda kwenda bandani usiku kuitazama. Walibeba vichupa vyake mifukoni. Vidole vyao viliungua na kubabuka. Pierre aliifunga kwa makusudi kwenye mkono wake, akapata kidonda kilichochukua muda mrefu kupona, na yeye pamoja na madaktari wakatambua kwamba kinachounguza nyama nzima kinaweza kuunguza uvimbe pia. Huo ndio mwanzo wa kutibu saratani kwa kitu chenye mionzi kilichowekwa karibu na uvimbe, matibabu ambayo leo kina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi huyapata Ocean Road, Dar es Salaam. Wangeweza kuhodhi haki ya utengenezaji wa radiamu na kutajirika. Hawakufanya hivyo.

Mwaka 1903 walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Becquerel. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi mtaani Paris siku ya mvua, akafa pale pale, akimwacha Marie na mabinti wawili, Irène wa miaka 8 na Ève ambaye hata miaka miwili alikuwa hajatimiza. Marie alipewa nafasi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1911 akapata Nobel ya pili, ya Kemia. Mwaka huo huo magazeti ya Paris yalimwandama kwa mambo yake ya ndani na kumkumbusha kwamba yeye ni mgeni tu. Hayo tunayaruka.

Gari lenye dainamo

Agosti 1914 Ujerumani ikaivamia Ufaransa. Taasisi ya Radiamu, maabara aliyoipigania kwa miaka, ilikuwa ndiyo kwanza imekamilika. Wafanyakazi wake wanaume wakaitwa jeshini. Kulikuwa na gramu moja hivi ya radiamu, mali ya thamani kubwa mno, na ilihofiwa Wajerumani wataingia Paris. Marie akaitia ndani ya sanduku lililojengewa risasi kwa ndani, akapanda treni peke yake hadi Bordeaux, akaikabidhi kwenye hazina ya benki, akarudi Paris. Watu walikuwa wanakimbia mji, yeye anaingia.

Maabara haikuwa na kazi tena. Akajiuliza ana faida gani vitani. Akagundua kwamba hospitali za jeshi zilizokuwa karibu na mapigano karibu zote hazikuwa na mashine ya eksirei, na nyingi hazikuwa hata na umeme. Majeruhi aliyejaa vipande vya bomu alipasuliwa kwa kukisia. Daktari alichokonoa kidonda kutafuta chuma asichokiona, na kila alipochokonoa alipanua jeraha na kuingiza uchafu. Kipande kikibaki ndani, mguu unaoza, unakatwa. Kumbukeni hizo ni zama ambazo antibiotiki hazijakuwepo.

Marie hakuwa daktari, na eksirei haikuwa fani yake. Alijisomea viungo vya mwili wa binadamu, akajifunza namna ya kupiga picha, halafu akaanza kubisha hodi kwa matajiri akiomba magari. Gari la kwanza lililipiwa na Umoja wa Wanawake wa Ufaransa. Ndani yake akafunga bomba la eksirei, meza ya kukunja, mapazia meusi, vioo vya picha na dainamo. Wazee wetu wanaikumbuka dainamo ya baiskeli, ile inayosuguana na tairi ikawasha taa. Hii ilikuwa kubwa na ilizungushwa na injini ya gari, hivyo umeme ulipatikana popote gari lilipoweza kufika. Kwa sisi tunaoishi kwenye zahanati za sola na jenereta, wazo hilo halihitaji maelezo mengi.

Novemba 1914 alifunga safari ya kwanza kuelekea mapigano. Mwezi huo huo vita hiyo hiyo ilikuwa imefika kwetu, Waingereza na Wajerumani wakipigana Tanga.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Gari likifika hospitali, waya unavutwa kupitia dirishani, madirisha yanafunikwa mapazia mpaka chumba kinakuwa giza tororo, mashine inafungwa. Nusu saa na kila kitu kipo tayari. Majeruhi wanaletwa kwa machela, mmoja baada ya mwingine. Bomba linawashwa, na kwenye kioo maalumu kinachong'aa daktari anaona mfupa ulivyovunjika na doa jeusi la risasi. Mara nyingine picha zilipigwa mbili kutoka pembe mbili tofauti, kisha kwa hesabu ya pembetatu mtu akajua kipande kipo kina gani. Mara nyingine daktari alipasua pale pale, mikono yake ikiwa ndani ya mionzi, akiongozwa na kivuli.

Wengi wa askari hao walikuwa vijana wa mashamba ambao hawajawahi kuona chombo kama hicho. Walidhani watachomwa, au wataumizwa zaidi. Marie aliwatuliza kwa kuwaeleza kwamba ni picha tu kama ya mpiga picha wa mjini, haiumi. Sisi tunaona hapo uuguzi hasa ulianzia. Kabla ya swichi kuguswa, mgonjwa alielezwa kinachokuja. Leo nasi tunapokea malalamiko ya watu waliovuliwa nguo na kugeuzwa huku na huku bila kuambiwa neno.

Magari yalifika 20, wanajeshi wakayaita Curie wadogo. Moja alilitumia mwenyewe. Alijifunza kuendesha na mwaka 1916 akapata leseni, jambo geni kwa mwanamke wa wakati ule, na aliweza kubadili tairi na kusafisha kabureta. Pamoja na magari hayo, alifungua vyumba vya kudumu vya eksirei vipatavyo 200 katika hospitali mbalimbali. Vituo hivyo vyote kwa jumla vilihudumia majeruhi zaidi ya milioni moja.

Wanafunzi 150

Magari yalipatikana, vyumba vikapatikana, watu wa kuviendesha hawakuwepo. Hapo ndipo yule mwalimu wa watoto wa wakulima aliporudi.

Alianza na binti yake. Irène alikuwa anakaribia miaka 17 vita vilipoanza, akafuatana na mama yake, na alipofika miaka 18 alikuwa tayari anasimamia kituo peke yake karibu na mapigano upande wa Ubelgiji. Binti mdogo kiasi hicho, madaktari wa jeshi wenye vyeo hawakumwamini. Mmoja wao alionyeshwa kwa hesabu kwamba kipande cha bomu kipo upande fulani, akakataa, akaendelea kutafuta pale kilipoingilia. Alichokonoa bila mafanikio. Mwishowe akajaribu mahali alipoelekezwa, akakitoa mara moja. Irène aliendelea na masomo yake ya chuo katikati ya vita na kuyafaulu.

Kuanzia mwaka 1916 Marie alifungua mafunzo rasmi ya wahudumu wa eksirei, yakiunganishwa na hospitali mpya ya kufundishia wauguzi hapo Paris. Hospitali hiyo ilipewa jina la Edith Cavell, muuguzi Mwingereza aliyepigwa risasi na Wajerumani mwaka 1915 kwa kuwasaidia askari kutoroka Ubelgiji. Mpaka vita vinakwisha, wanawake wapatao 150 walikuwa wamefuzu.

Walikuwa mchanganyiko wa kila aina. Wengine walikuwa wauguzi, wengine mabinti wa familia kubwa, wengine watumishi wa ndani wenye elimu ya msingi tu. Wapo waliodhani mtu asiye na hesabu za juu hataielewa mashine hiyo. Marie aliwafundisha umeme kwa vitendo, namna bomba linavyofanya kazi, jinsi ya kusafisha picha kwenye chumba cha giza, na mifupa ya mwili mmoja mmoja. Kwa wiki chache tu za darasani na mazoezi wodini, kisha wakapelekwa vituoni. Waliifanya kazi hiyo vizuri. Baada ya vita alifundisha pia wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakisubiri kurudi kwao.

Yanayohusu usalama

Sasa tufike pale panapouma.

Madhara ya eksirei hayakuwa siri mwaka 1914. Miaka 10 kabla, mwaka 1904, fundi mmoja wa Marekani aliyeitwa Clarence Dally, msaidizi wa mgunduzi Thomas Edison, alikuwa amekufa baada ya kukatwa mikono iliyoliwa na saratani. Alikuwa akiijaribu mashine ya eksirei kwa mikono yake siku baada ya siku. Wataalamu walijua kwamba mionzi huunguza ngozi. Hawakujua vizuri inachofanya kwenye damu, na hawakujua kiasi gani ni kingi.

Kwa hiyo Marie, Irène na wanafunzi wao walifanya kazi na kinga haba: glovu, vipande vya chuma vya kujikinga, na kujitahidi kutosimama kwenye njia ya mionzi pale kazi iliporuhusu. Mara nyingi haikuruhusu. Chumba ni kidogo, majeruhi wamepangwa korido nzima, bomba linawaka kwa dakika nyingi mfululizo daktari anapopasua. Majeruhi alipigwa picha, akaondoka. Mhudumu alibaki. Akaletwa wa pili, wa kumi, wa hamsini, na kesho tena, kwa miaka minne.

Na hilo ndilo jibu tuliloahidi. Mionzi anayopata mgonjwa kwa picha moja ya kifua ni kidogo sana, na faida ya kujua ugonjwa ni kubwa kuliko hatari yake. Mashine za leo huwaka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Lakini mhudumu hupiga picha nyingi kwa siku moja, na hufanya hivyo mpaka anastaafu. Angebaki chumbani kila mara, kidogo kidogo ingemjaa. Ndiyo maana anakwenda nyuma ya ukuta, na ndiyo maana huvaa kibeji kifuani kinachohesabu mionzi aliyopata, ambacho hupelekwa kupimwa. Hapa Tanzania kazi hiyo husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Ukuta huo, na ile aproni nzito unayovishwa ukimshika mtoto anapopigwa picha, huwa na risasi ndani. Kwa Kiswahili jina hilo ni la kinachotoka kwenye bunduki na pia la madini mazito ya kijivu yanayotengenezea risasi hizo. Basi ile iliyokuwa ikitafutwa mwilini mwa askari ndiyo hiyo inayomkinga muuguzi.

Kwa upande wako mgonjwa, kuna mambo machache yaliyo mikononi mwako. Kama wewe ni mama na una mimba, au umechelewa siku zako na huna hakika, sema kabla ya kupigwa picha, hata kama hukuulizwa, kwa sababu mtoto tumboni huathirika kirahisi kuliko mtu mzima. Picha ulizopigwa kwingine usizitupe, nenda nazo, pengine hutahitaji kurudia. Vua mkufu, shanga na hirizi yenye chuma, maana hutokea kwenye picha na kumchanganya daktari. Tulia kama ulivyoambiwa, picha ikitikisika hurudiwa. Na una haki ya kuuliza picha hiyo inatafuta nini.

Miaka ya mwisho

Vita vilikwisha mwaka 1918. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga fedha wakamnunulia gramu moja ya radiamu, iliyogharimu dola 100,000, akaenda kuipokea kwa mkono wa Rais Harding. Mwaka huo pia alitoa kitabu kuhusu eksirei vitani.

Afya yake ilikuwa inashuka. Masikio yalikuwa yakivuma. Macho yote mawili yalipata mtoto wa jicho, na kuanzia mwaka 1923 alipasuliwa mara kadhaa, akijiandikisha hospitali kwa jina lingine ili habari zisienee. Aliandika maelezo ya mihadhara yake kwa herufi kubwa mno na kuweka alama za rangi kwenye vipimo, akifundisha kana kwamba anaona vizuri.

Alikuwa mzito kukubali kwamba radiamu, aliyoipenda kama mtoto, ndiyo inayomdhuru. Hilo tunaliona kuwa udhaifu wake, na uliwagharimu wengine pia. Wafanyakazi wa taasisi yake walipimwa damu mara kwa mara, na waliokutwa na upungufu walipelekwa mashambani kupata hewa safi, kisha wakarudi kazini. Mwaka 1925 wahandisi wawili waliowahi kufanya kazi kwake walikufa kutokana na mionzi. Mwaka huo alishiriki katika jopo la Akademia ya Tiba ya Ufaransa lililopendekeza kinga za risasi na vipimo vya damu kwa wote wanaoshika vitu vyenye mionzi. Mwaka 1928, katika mkutano wa Stockholm, wataalamu wa nchi mbalimbali waliunda kamati ya kimataifa ya kukinga watu dhidi ya eksirei na radiamu. Miongozo wanayofuata wahudumu wetu leo imetokana na kazi ya kamati hiyo na waliofuata baada yake.

Mwaka 1934 homa ilimshika ikakataa kumwacha. Madaktari wa Paris walidhani ni kifua kikuu, ugonjwa ule ule uliomuua mama yake, wakampeleka kwenye hospitali ya milimani ya Sancellemoz. Huko alipigwa picha ya eksirei, mapafu yakaonekana hayana tatizo. Damu ndiyo ilikuwa imeharibika: uboho wa mifupa ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu mpya. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 akiwa na miaka 66. Mwaka uliofuata Irène na mumewe walipata Tuzo ya Nobel. Irène naye alikufa mwaka 1956 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 58.

Huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1936 walijenga mnara kwenye uwanja wa hospitali kuwakumbuka waliokufa kwa eksirei na radiamu. Majina ya mwanzo yalikuwa 169, kutoka nchi 15, madaktari na mafundi na wauguzi pamoja.

Mwaka 1995 Ufaransa iliamua kuhamisha mabaki ya Marie na Pierre kwenda Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa watu wakuu wa taifa. Kabla ya kuyagusa, wataalamu wa kinga ya mionzi walipima kaburi, wakitarajia radiamu nyingi. Jeneza lake lilikuwa na tabaka la risasi. Ndani walikuta kiwango kidogo cha radiamu kuliko walivyodhani. Wakaona kwamba kilichomuua yaelekea hakikuwa madini aliyoyagundua, bali ile mionzi ya eksirei aliyoipata wakati wa vita, gizani, karibu na meza ya wagonjwa.